Bingwa Niliyemjua kwa Picha

Fausto Coppi, bingwa wa mbio za baiskeli wa Italia, nilimjua kwa picha zilizobandikwa ukutani, katika karakana ya Mtaliano mmoja upande wa reli mjini Nakuru. Sikuwahi kumwona kwa macho. Lakini katika miaka ya 1950, nikiwa kijana wa mtaa wa Bondeni, hapakuwa na mwanamichezo niliyemjua kuliko yeye. Nilijua jina la kijiji chake, milima aliyoipanda na dakika alizowaacha wenzake. Kifo chake, mwezi Januari 1960, ndicho kilichonielekeza kwenye kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Mwenye karakana sisi vijana tulimwita Fundi. Watu wazima walimwita Bwana Taliani. Alikuwa mmoja wa maelfu ya wanajeshi wa Italia waliotekwa Ethiopia na Somalia mwaka 1941 na kuletwa Kenya. Kambi zao zilitapakaa Gilgil, Naivasha, Londiani, mpaka Nanyuki chini ya Mlima Kenya. Mateka hao ndio waliochonga barabara inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa kutoka upande wa Limuru hadi Mai Mahiu, na mwaka 1942 wakajenga kando yake lile kanisa dogo ambalo wasafiri hulitazama hadi leo. Fundi alishika sururu kwenye barabara hiyo. Vita vilipokwisha wengi walirudishwa kwao, lakini wachache walibaki au walirejea, nao walijulikana kwa useremala, uashi na ufundi wa mashine. Yeye alitengeneza pampu za maji, mashine za kusaga, na baiskeli.

Baiskeli zilizofika pale zilikuwa Raleigh na Hercules, chuma kizito cheusi, zisizo na gia, zilizobeba watu, maziwa, kuni na magunia. Kazi yangu ilikuwa kuziba pancha, kukaza spoku na kupaka mnyororo mafuta. Juu ya meza ya vifaa Fundi alikuwa amebandika kurasa za gazeti la michezo la kwao, La Gazzetta dello Sport, lenye karatasi za rangi ya waridi. Ndugu zake walimtumia kwa meli, likafika limechelewa kwa wiki nyingi. Humo ndimo alimokuwa Coppi: mwembamba, pua ndefu, kifua kipana kama cha njiwa, na miguu mirefu isiyolingana na mwili. Fundi alinisimulia habari zake kwa Kiswahili alichojifunza kambini. Aliposhindwa na neno, alichora kwa chaki sakafuni.

Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 Castellania, kijiji kidogo cha wakulima kwenye vilima vya Piemonte, kaskazini mwa Italia. Akiwa na miaka 13 aliacha shule akaenda mji wa Novi Ligure kumfanyia kazi mchinjaji, akipeleka nyama nyumba kwa nyumba kwa baiskeli. Sehemu hii niliipenda kuliko zote, kwa maana hata Nakuru wakati huo nyama, mikate na maziwa ya Wazungu vilifikishwa milangoni na vijana wa Kiafrika waliokanyaga pedali. Sikujua kwamba kazi hiyo ingeweza kumpeleka mtu mbali hivyo. Huko Novi Ligure alikutana na Biagio Cavanna, mkandaji wa misuli ambaye alikuwa kipofu. Cavanna aliipapasa misuli ya yule kijana, akasikiliza moyo wake na pumzi yake, akatambua kipaji ambacho wenye macho walikuwa hawajakiona.

Mwaka 1940, akiwa na miaka 20, Coppi alichukuliwa na timu ya Legnano kuwa msaidizi wa Gino Bartali, aliyekuwa bingwa mkubwa wa Italia. Katika mbio za baiskeli msaidizi hukata upepo mbele ya kiongozi wake, humletea maji, na hata humpa gurudumu lake likitoboka. Lakini Bartali alianguka siku za mwanzo za Giro d'Italia, mbio za kuizunguka Italia, akaumia, na msaidizi ndiye aliyevaa jezi ya waridi ya anayeongoza mbio hadi mwisho. Mpaka wakati huo hakuna kijana wa umri wake aliyekuwa ameshinda Giro. Mbio zilimalizika tarehe 9 Juni. Kesho yake Mussolini alitangaza vita dhidi ya Uingereza na Ufaransa, na mapigano yakafika hadi Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Fundi alikuwa askari Ethiopia, na alisema ushindi ule ndio uliokuwa furaha ya mwisho kutoka nyumbani kabla dunia yake haijapinduka.

Tarehe 7 Novemba 1942, katika uwanja wa Vigorelli mjini Milano, mji ukiwa umekwisha kupigwa mabomu, Coppi alizunguka peke yake kwa saa moja kamili na kufikia kilomita 45.798. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1956. Muda mfupi baadaye alipelekwa vitani Tunisia, na mwezi Aprili 1943 alitekwa na Waingereza. Kambini huko alipewa kazi mbalimbali, na wapo askari walioshangaa kugundua kwamba kinyozi anayewakata nywele ni bingwa wa Giro.

Habari hizo Fundi alizieleza taratibu kuliko nyingine zote. Nikiwa mtoto wa koloni, niliyemwona baba yangu akisimamishwa barabarani aonyeshe kipande cha utambulisho, nilielewa kwa nini. Bingwa wake alikuwa ameonja kitu kilekile alichokionja yeye: kuhesabiwa asubuhi na jioni, kupangiwa kazi na aliyemshinda, kuota nyumbani. Na bado mtu huyo alitoka akashinda tena. Hapo ndipo mapenzi ya Fundi yalipoota mizizi, na ndipo yangu pia yalipoanzia.

Vita vilipokwisha, Italia ilikuwa vifusi. Machi 1946 mbio za Milano hadi San Remo zilifanyika tena, na Coppi, sasa akiwa na timu ya Bianchi, alijitoa mapema akakimbia karibu kilomita 147 bila mwenzake wa kushindana naye. Alifika dakika 14 kabla ya mtu wa pili. Fundi alinipimia umbali huo kwa njia niliyoijua: ni karibu safari nzima ya Nakuru hadi Nairobi.

Lakini siku aliyoisimulia kuliko zote ilikuwa ya Juni 1949, hatua ya Giro kutoka Cuneo hadi Pinerolo. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 254, ikipita juu ya milima mitano: Maddalena, Vars, Izoard, Montgenèvre na Sestriere. Barabara nyingi zilikuwa za vumbi na mawe. Kwenye mlima wa kwanza Coppi alimwacha kila mtu, akaendelea peke yake kwa kilomita 192. Hapo Fundi alinitaka nitoke Nakuru kwa mawazo, nipite Gilgil na Naivasha, nipande ukingo wa Bonde, nivuke Nairobi na nisisimame hadi Athi River, tena huku nikipanda kilele cha Izoard chenye mita 2,360, ambacho kinaupita ukingo wa Menengai tunaouona juu ya mji wetu. Bartali, mtu wa pili siku hiyo, alifika karibu dakika 12 baadaye. Coppi akashinda Giro, na mwezi uliofuata akaenda Ufaransa. Katika Tour de France alianguka siku za mwanzo, akawa nyuma ya aliyeongoza kwa zaidi ya nusu saa, akataka kurudi nyumbani. Wakambembeleza, akaendelea, milimani akaurudisha muda wote ule na kushinda. Kabla yake hakuna aliyewahi kushinda Giro na Tour katika mwaka mmoja.

Italia ilikuwa imegawanyika nusu kwa nusu. Bartali alikuwa mcha Mungu, mkubwa wake Coppi kwa miaka mitano, mtu wa desturi. Coppi alikuwa wa mambo mapya: alipima chakula chake, alijali uzito wa kila kifaa, aliijenga timu nzima kama kikosi kinachofanya kazi kwa mpango. Fundi alikuwa wa Coppi. Rafiki yake Mtaliano mwingine, aliyekuja kutoka Njoro kila mwisho wa mwezi, alikuwa wa Bartali, na walibishana kwa sauti mpaka wapita njia wakasimama wakidhani ni ugomvi. Kulikuwa na picha ya mwaka 1952 iliyowanyamazisha wote wawili. Inawaonyesha mabingwa hao kwenye mlima wa Ufaransa wakipokezana chupa ya maji, na haijulikani kwa hakika ni nani anayempa nani. Mwaka huo Tour ilimaliza hatua juu ya Alpe d'Huez kwa mara ya kwanza, na Coppi ndiye aliyeshinda pale. Aliwaacha wenzake mbali mno, hata waandaaji wakaongeza zawadi ya nafasi ya pili ili mashindano yasipoe. Mwishoni alikuwa mbele kwa zaidi ya dakika 28.

Mwaka 1953 Giro ilipita kwa mara ya kwanza kwenye Stelvio, mlima wenye barabara inayofika mita 2,758. Sisi tuliosafiri kwa treni kwenda Eldoret tunaujua wepesi wa hewa ya kimo hicho, kwa maana reli ya Timboroa hupita karibu kiwango hichohicho. Hapo Coppi alimvua Hugo Koblet wa Uswisi jezi ya waridi na kushinda Giro yake ya tano. Miezi michache baadaye, mjini Lugano, akawa bingwa wa dunia wa barabarani.

Fundi hakunificha pia majonzi. Serse, mdogo wake Coppi na mwendesha baiskeli mwenzake, alianguka mwaka 1951 mwishoni mwa mbio mjini Torino, akasimama, akafika hotelini, na usiku akafariki. Ajali haina kinga, lakini Coppi hakuwa tena mtu yuleyule. Baadaye alimwacha mkewe akaishi na Giulia Occhini, mke wa daktari. Sheria ya Italia wakati huo ilihesabu jambo hilo kuwa kosa la jinai, na yule mama aliwekwa ndani. Nchi iliyompigia makofi ikamgeuka. Miguu ikachoka, mifupa ikavunjika mara kwa mara, lakini aliendelea kushindana hadi alipokaribia miaka 40, kwa sababu hakujua kuishi kwa njia nyingine.

Desemba 1959 alialikwa Upper Volta, nchi inayoitwa Burkina Faso leo, pamoja na waendesha baiskeli maarufu wa Ufaransa, wakiwemo Jacques Anquetil na Raphaël Géminiani, rafiki wa Coppi. Walishindana mjini Ouagadougou, kisha wakaenda kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja, na mbu waliwauma wote wawili. Walirudi Ulaya kabla ya Krismasi wakiwa wazima. Siku chache baadaye wote wawili walishikwa na homa kali.

Huko Ufaransa, Géminiani alipoteza fahamu. Damu yake ilichukuliwa ikapelekwa Taasisi ya Pasteur, nayo ikaonekana ina vimelea vya malaria ya aina ya falsiparumu, ile inayoua. Alipewa kwinini akapona. Habari ilipelekwa Italia kwamba mwenzake aliyelala naye chumba kimoja ana malaria. Lakini madaktari waliomshughulikia Coppi waliamini kwamba ni homa ya mafua iliyoingia mapafuni, wakamtibu hivyo. Alifariki hospitalini Tortona asubuhi ya tarehe 2 Januari 1960, akiwa na miaka 40. Makumi ya maelfu ya watu walipanda kilima cha Castellania kumzika.

Redio ilitufikishia habari ya kifo. Sababu yake tuliipata baadaye, gazeti la waridi lilipowasili. Fundi alilisoma akiwa amesimama, kisha akanieleza neno kwa neno kilichoandikwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameugua malaria akiwa askari, na alijua ladha ya kwinini. Alisema hakuna askari wa kawaida katika jeshi lao lililokuwa Ethiopia ambaye angeshindwa kuutambua ugonjwa ule. Siku hiyo hakufungua tena karakana, wala kesho yake.

Wazee wa Bondeni nilipowasimulia walitikisa vichwa wakasema sikio la kufa halisikii dawa. Niliheshimu kauli yao, lakini sikukubaliana nayo, na sijakubaliana nayo hadi leo. Sikio ambalo halikusikia halikuwa la mgonjwa. Jina la ugonjwa lilikuwa limekwisha kutajwa, dawa ilikuwepo madukani, na mtu akafa. Nilikuwa na miaka 16, na swali hilo lilinikaa: inawezekanaje mtu aliyezungukwa na madaktari wasomi afe kwa kitu ambacho mama yeyote wa Marigat, kwenye joto la Baringo, angekishuku?

Jibu nililipata kazini. Baada ya Uhuru nilisomea kazi ya maabara, nikaajiriwa hospitalini Nakuru, na kwa miaka mingi nikatazama damu za watu kwa hadubini. Italia ilikuwa imeteswa na malaria kwa karne nyingi. Baada ya vita waliipiga nchi kwa dawa ya DDT, na kufikia miaka ya 1950 ugonjwa ulikuwa umetoweka karibu kila mahali. Ulipotoweka kwenye mashamba, ulianza kutoweka pia kwenye fikira za waganga. Na mwili wa mtu aliyekulia Piemonte haukuwa na kinga yoyote. Mahali ambapo malaria ni adimu, anayeipata huumwa vibaya zaidi, na wanaomtibu huikumbuka kwa kuchelewa.

Hali hiyo ni ya kwetu pia. Nakuru iko kwenye kimo cha takriban mita 1,850, na baridi yake huwafanya watu waamini kwamba homa yoyote ya hapa ni ya mafua au ya kifua. Lakini ukiteremka Baringo, joto na mbu vinakungoja, na treni ya Kisumu ilituletea kila siku wageni kutoka ukanda wa Ziwa. Hata milimani hakuna usalama kamili: Londiani, mahali penye baridi kali, palikumbwa na mlipuko wa malaria katika miaka ya 1940, na mashamba ya chai ya Kericho yakakumbwa katika miaka ya 1990. Kwa hiyo kila kijana niliyemfundisha nilimsisitizia mambo mawili. Kwanza, mwulize mgonjwa mwezi huu amelala wapi. Pili, weka tone la damu kwenye kioo, ulitie rangi, ulitazame kwa makini, na ukikosa kitu huku homa ikiendelea, rudia kesho. Kazi hiyo humalizika kabla saa moja haijapita. Nikiwaeleza sababu, niliwatajia Coppi, na wengi walisikia jina hilo kwa mara ya kwanza katika chumba cha hadubini.

Kuna jambo jingine linalonichoma. Wakati Coppi anakufa kwa kuumwa na mbu, malori yalikuwa yakiingia Nakuru kutoka Molo, Njoro na Elburgon yamejaa maua ya pareto yaliyokaushwa. Kiwanda chetu kilitoa dawa ya kuua wadudu iliyouzwa duniani kote, na Kenya ilikuwa ya kwanza kwa zao hilo. Mikono ya akina mama waliochuma maua yale kwenye baridi ya Mau ililinda vyumba vya kulala vya watu wasiowajua. Dunia ilikuwa na kinga, ilikuwa na kipimo, ilikuwa na dawa. Kilichokosekana Tortona ni mtu wa kukubali kwamba ugonjwa wa mbali unaweza kuwa umelala kwenye kitanda kilicho mbele yake.

Fundi aliondoka Kenya miaka michache baada ya Uhuru, na sikupata tena habari zake. Laiti angaliishi kuiona wiki ya kwanza ya Julai 2024. Tour de France mwaka huo ilianzia Italia, na tarehe 1 Julai waendesha baiskeli walipita Tortona, wakapanda kilima kilichopewa jina la Fausto Coppi, wakamaliza Torino. Aliyeshinda hatua hiyo alikuwa Biniam Girmay wa Eritrea, nchi ambayo ilijifunza mbio za baiskeli kutoka kwa Wataliano waliokuwa wakiitawala na hapo mwanzo hawakuwaruhusu wenyeji kushindana nao. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, na alimaliza mbio hizo na jezi ya kijani. Tarehe 5 Julai, Raphaël Géminiani alifariki Ufaransa akiwa na miaka 99.

Habari hizo mbili nilizifuatilia na wajukuu zangu, ambao wawili kati yao hupanda baiskeli za mashindano kwenye barabara za Njoro na Mau Summit na wanaota Ulaya. Nawaombea wafike. Nimewaambia pia wanachotakiwa kubeba pamoja na jezi na viatu. Wakishikwa na homa ugenini, wamtajie daktari kila mahali walikolala, na wakatae kuondoka kabla damu yao haijapimwa. Wasione haya kurudia ombi hilo mbele ya mtu aliyesoma kuliko wao. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja na wakaumwa na mbu walewale. Mmoja damu yake ilitazamwa, akaishi miaka 64 zaidi.